Naambiwa gauni hili la mtumba ni la miaka ya 1950. Nitajuaje? Na harufu ya kwapani naitoaje?

Bitana_Nyekundu

Habari za humu wapendwa. Nimeokota gauni kwenye mitumba na roho yangu imelipenda mno. Kijani kilichokolea, nukta nyeupe ndogondogo, mikono mirefu, mabega yamesimama, na shingoni kuna utepe mrefu wa kufunga fundo chini ya kidevu. Muuzaji kashikilia kwamba ni vinteji ya miaka ya 1950, ndiyo maana hakushusha bei hata kidogo.

Ndani kuna lebo imeandikwa Made in West Germany, chini yake 100% Polyester, Trevira, halafu vile vialama vya beseni na pasi. Zipu ya mgongoni si ya chuma. Mabegani kuna sponji, ukiibinya inamwaga unga wa njano.

Nina mambo matatu. La kwanza, ni kweli la 1950? La pili, kwapani pananuka. Nikilifua na kulianika halinuki kabisa, ila nikilivaa tu mwili ukapata joto, jasho la mtu nisiyemjua linaamka. La tatu, nataka kulivaa kwenye sherehe ya ofisini na vipodozi vyangu vimeisha. Ngozi yangu ina mafuta, chunusi zinanitoka kidevuni, napaka dawa yenye benzoyl peroxide. Shoga yangu ananisukuma ninunue seti nzima, sijui krimu ya asubuhi, ya usiku, ya macho. Mfuko wangu hauziwezi zote.

PindoNaMkasi

Bitana mwanangu, huyo muuzaji kakuuzia gauni na hadithi juu yake. Gauni lishike, hadithi mrudishie.

Mimi nguo ya zamani siitazami mbele. Naigeuza ndani nje kwanza, maana nje kila mtu anaweza kuiga, ndani hakuna anayehangaika kuiga. Tuanze na lebo. Ujerumani Magharibi ilikuwapo tangu 1949 hadi Oktoba 1990, kwa hiyo kwa hapo tu muuzaji anaweza kujitetea. Trevira ni jina la biashara la polyesta ya kampuni ya Hoechst ya hukohuko, nalo halimkamati sana. Wanaomkamata ni wale vialama wadogo uliowataja kwa kupita. Beseni na pasi vilisambaa kwenye nguo za Ulaya baada ya GINETEX, shirika la kimataifa la alama za kufulia nguo, kuundwa Paris mwaka 1963. Gauni la 1950 na kitu lenye lebo ya namna hiyo, iliyotaja na asilimia ya nyuzi, mimi ningetaka kuliona kwa macho.

Zipu nayo inamkana. Miaka ya 1950 ungekuta meno ya chuma, na kwenye magauni mengi ungeikuta ubavuni. Zipu za nailoni zilishika soko miaka ya 1960.

Sasa sponji. Hapo ndipo nilipotabasamu. Mabega mapana yamevuma zaidi ya mara moja, miaka ya 1940 na tena miaka ya 1980. Yale ya kwanza yalijazwa pamba au sufu, hayatoi unga. Sponji ya kiwandani huzeeka kwa unyevu na hewa, inageuka njano, kisha inavunjikavunjika mkononi. Mabega hayo pamoja na utepe wa shingoni yananiambia miaka ya 1980. Ila kabla hujaniamini, fanya hivi: angalia kama zile pedi zimevikwa kitambaa kilekile cha gauni na kama uzi uliozishikiza ni uleule wa kwenye mishono. Ikiwa ndivyo, zilitoka nazo kiwandani. Ikiwa zimetiwa kwa uzi wa rangi nyingine, mtu alizibandika baadaye, na gauni linaweza kurudi nyuma hadi miaka ya 1970. Na lebo yenyewe itazame pembeni kama kuna vitundu vya sindano vya zamani. Lebo huhamishwa, wenye tamaa hawajaanza leo.

Wala usisikitike. Kwa wafanyabiashara wengi nguo ikivuka miaka 20 ni vinteji, kwa hiyo lako ni vinteji halali. Limezidishwa umri tu.

Harufu. Gauni la zamani haliuawi na miaka, linauawa na kwapa. Polyesta haipendi maji, inapenda mafuta. Mafuta ya mwili yanajibanza kwenye nyuzi pamoja na vijidudu, na sabuni ya unga ya kawaida inapita juu juu. Likiwa baridi limenyamaza, likipata joto linasema. Geuza gauni ndani nje. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile inayokata mafuta, isugue kwapani kwa vidole na uiache kama nusu saa. Suuza. Halafu changanya siki nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo vinne, loweka kwapa zote mbili kwa saa moja, kisha lifue gauni zima kwa sabuni yenye vimeng'enya (kwenye pakiti utaona enzymes). Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani kama rangi haitoki. Anika kivulini penye upepo.

Kabla ya pasi, shika kwapa kwa kiganja mpaka lipate joto, kisha nusa. Ukipiga pasi ya moto doa likiwa bado limo, umelipikia humo. Na pasi yenyewe moto wa chini, weka kitambaa cha pamba juu, la sivyo polyesta itang'aa ile ming'ao isiyofutika.

Dawa ya klorini usiisogeze hapo. Kwanza madoa ya kwapa hayatoki nayo, mara nyingi yanazidi unjano. Pili ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, inayoharibu mapafu. Hili silisemi kwa utani.

Pedi zifumue utupe. Sponji iliyoanza kumwaga unga haifuliki. Shona nyingine kwa pamba ya kujazia, ukizivika kile kitambaa cha zamani.

Vipodozi nawaachia wenye macho ya karibu, ila nakuonya jambo moja. Hiyo dawa yako ya chunusi inapausha rangi ya nguo. Taulo na foronya za pamba ndizo zinazoteseka zaidi, polyesta ina nafuu, lakini wewe unapaka kidevuni na utepe wako uko chini ya kidevu. Ipake usiku, asubuhi nawa vizuri, ndipo ufunge fundo lako.

Kidani_cha_Shaba

Mama Pindo shikamoo, umemaliza kila kitu, sisi tukale wapi 😂

Bitana, seti nzima ya nini? Ngozi yenye mafuta na chunusi inahitaji vitu vichache vinavyofanya kazi. Sabuni laini ya uso, krimu nyepesi, kinga ya jua, na hiyo dawa yako. Kwa dawa angalia asilimia: benzoyl peroxide ya 2.5% kwenye chunusi za kawaida inafanya kazi karibu sawa na ya 10%, na haichomi kama ile. Wengi wananunua 10% wakidhani kubwa ndiyo dawa, wanaishia kubanduka.

Pesa yako iweke kwenye sanskrini, hiyo kinga ya jua. SPF ni kipimo cha nguvu yake: SPF 30 inazuia takriban 97% ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, SPF 50 takriban 98%. Hiyo tofauti ndogo isikutoe jasho, jambo ni kupaka ya kutosha, mistari miwili ya krimu juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, na kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kama chunusi zinakuachia alama nyeusi, tafuta yenye rangi, kwenye lebo utaona iron oxides. Hizo zinazuia na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi unachangia alama kukolea.

Siku ya sherehe, gauni hilo la mabega linataka mashavu. Chukua rangi yako ya mdomo, gusa kidogo juu ya mfupa wa shavu, sambaza kuelekea masikioni. Miaka ya 1980 rangi ya shavu ilikaa juu namna hiyo. Umeokoa kununua poda ya mashavu. Wanja chini ya jicho, midomo myekundu, basi. Midomo ikikauka usiku, vaselini. Tangu mbunifu wake, Chesebrough, aisajili mwaka 1872 bado sijaona cha bei hiyo kinachoishinda kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, ila paka midomo ikiwa na unyevu, haina maji yake yenyewe.

Na ukiwa hukohuko kwenye mitumba, vile vikopo vizuri vya poda vya zamani nunua kikopo, poda yake tupa. Maskara iliyofunguliwa usiiguse hata ikiwa ya bure. Kwenye vipodozi vipya kuna kichoro cha kopo lililofunuliwa lenye namba kama 6M au 12M, ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua.

Mpiga_Mluzi

Mnamchosha dada wa watu. Kuna krimu ya kopo jeupe, haina jina, wanachanganya wenyewe. Alama nyeusi zinafutika ndani ya wiki, bei ya chini kuliko hizo sanskrini zenu.

Kidani_cha_Shaba

Kaka, kopo lisilo na jina linalofuta alama ndani ya wiki huo ni mkorogo, tusizungukane. Nyingi za namna hiyo zimekutwa na zebaki, dawa kali za steroidi au hidrokwinoni. Zebaki inapenya ngozi na kuharibu figo, na anayeishi nawe anaipata kupitia taulo na shuka. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013, unaohusu zebaki, umeizuia kwenye vipodozi. Zikiwa na lebo, soma kama kuna calomel, mercurous chloride au ammoniated mercury. Dalili nyingine ni maelekezo yanayokuambia krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Krimu inayoogopa pete yako, uso wako utaivumilia vipi?

KolaNdefu

Mimi mtu wa jinzi tu, nachomekea. Mama Pindo, Levi's yenye kijilebo chekundu cha mfukoni chenye E kubwa ni kweli ni ya zamani? Nimepata moja.

PindoNaMkasi

E kubwa iliachwa mwaka 1971, ikaja e ndogo. Lakini kampuni yenyewe imetoa tena miundo ya kale ikiwa na E kubwa, na waigaji nao wapo, kwa hiyo kijilebo peke yake kisikupumbaze. Geuza ndani. Ikiwa kuna lebo ya maelekezo ya kufua, kaa chonjo: Marekani ililazimisha maelekezo hayo kuanzia 1972. E kubwa nje na maelekezo marefu ya kufua ndani ni ndugu wasiofahamiana.

Bitana_Nyekundu

Asanteni wote, na shikamoo Mama Pindo. Mrejesho. Pedi zimevikwa kitambaa kilekile cha nukta na uzi ni uleule wa kijani, kwa hiyo ni 1980 na kitu kama ulivyosema. Nimemwandikia muuzaji, kanijibu "vinteji ni vinteji dada." Sawa.

Harufu kwapa la kulia imekwisha kabisa. La kushoto bado ipo kwa mbali, na nimeona pale nyuzi za mshono zimekatika kidogo, kitambaa kimekuwa kigumu. Nikate nitie kiraka?

PindoNaMkasi

Marahaba mwanangu. Usikate bado. Ugumu huo mara nyingi ni mabaki ya dawa ya kwapa, ile ya kuzuia jasho yenye chumvi za alumini, yameganda na jasho miaka na miaka. Rudia siki, safari hii loweka usiku mzima upande huo tu, asubuhi sugua kwa mswaki laini kufuata uelekeo wa nyuzi. Kikilainika, shona mshono uliokatika na umemaliza.

Kisipolainika, ndiyo unafumua kwapa na kutia kipande chenye umbo la almasi. Kitambaa cha kukitoa unacho: pindo la chini la magauni ya wakati ule huwa pana. Lipime na tepu uniambie upana, ukizidi sentimita tano tunapata kipande bila gauni kufupika hata kidogo. Ukipungua, tutatoa kwenye ncha ya utepe wa shingo, ile inayoingia ndani ya fundo.

Na ukishalivaa, shikiza kipande cha pamba kila kwapa kwa ndani, mishono miwili mitatu ya mkono inatosha. Jasho linaishia pale. Ukirudi nyumbani unafumua, unafua hicho, gauni unalipigisha upepo na kulirudisha kabatini.

Dawa ya kwapa ikauke kabisa kabla hujavaa. Marashi vilevile, jipulizie kabla ya gauni.

Bitana_Nyekundu

Nimepima, pindo ni sentimita saba. Naloweka leo usiku.