Paneli za sola juu ya gari: gundi, boliti au keria?

Mwinyi_Maweni: Asalaam aleikum. Nimeshanunua paneli mbili za kuweka juu ya gari ninalolala safarini. Hapa Malindi fundi mmoja ataka kutoboa paa atie boliti, wa pili asema gundi tupu yatosha, wa tatu keria. Kazi ni Jumamosi. Nimsikize nani?

FundiTumbo: Waleikum salaam. Gari gani? Paa la bati au faiba? Paneli za kioo au zile za kukunjika? Hujasema lolote ndugu yangu.

Bint_Shella: Keria. Siku ukiuza gari wafungua nati, wajiondokea na paneli zako. Na hewa yapita chini. Paneli ikichemka umeme hupungua.

Kusi: Gundi yafaa, mradi iwe Sikaflex 252, si silikoni ya bafuni. Piga msasa, futa kwa spiriti, na spiriti ikauke kabisa, la sivyo gundi haikamati. Yakazwa na unyevu wa hewa, na unyevu Malindi haununuliwi.

Babu_Gongoni: Gundi! Mimi nilibandikiwa na fundi nisiyemtaja, akaapa hata tufani haing'oi. Tumeshapita Garsen, nasikia tak-tak juu, nikadhani ni jerikeni. Kabla ya Witu lori likatupita mbio, upepo ukaingia chini ya ukingo wa mbele, paneli ikainuka. Iliyoishika ni waya tu. Ikapiga paa hadi kijana wa bodaboda akatusimamisha kwa mikono miwili. Kioo chote nyufa, waya umechunika mpaka shaba yaonekana. Kumpigia fundi, ajibu barabara ndiyo mbovu! Sasa mbele natia bapa la alumini la kukata upepo, na kila paneli ina kamba ya chuma.

Kusi: Pole babu, lakini hiyo ilikuwa silikoni.

Babu_Gongoni: Wewe ulikuwepo?

FundiTumbo: Toboa. Tia washa pana (kile kiduara cha kukalia nati) chini ya bati, utepe wa butili wa kuzuia maji katikati, gundi juu ya kichwa cha boliti. Boliti ziwe za chuma cha pua aina ya 316. Aina ya 304 chumvi yetu yazila. Zisigusane na fremu ya alumini, tia washa ya nailoni.

Kusi: Na 316 ataijuaje? Apime kwa sumaku?

FundiTumbo: Sumaku haitengi hizo mbili. Tazama alama kichwani mwa boliti: A4 ndiyo 316, A2 ni 304. Waulize wenye maboti ya kuvulia.

Mwinyi_Maweni: Ni Hiace, paneli za kioo. Paa nikiligonga lalia kama ndoo. Nataka kufika Lamu mwezi ujao.

Bint_Shella: Gari si litabaki Mokowe, wewe uvuke na boti? Paneli atazilinda nani?

FundiTumbo: Ndoo ya bati au ya plastiki?

Mwinyi_Maweni: Kwani Mokowe kuegesha usiku mmoja ni pesa ngapi?