Nyumba ya likizo Watamu mwezi wa Novemba: nisaidieni mawazo

Mtu_wa_Kasarani: Habari za jioni wakuu. Nimepata nyumba ndogo ya makuti Watamu, huko pwani, vyumba viwili, siku sita kuanzia katikati ya Novemba. Bei imeteremka kwa sababu ya vuli. Mimi na mke wangu tunafikisha miaka kumi ya ndoa na sijawahi kumpeleka popote, kila mwaka ni "mwaka ujao". Swali: mvua itatuharibia? Na twende na treni au basi? Nusu ya pesa nimetuma, mwenye nyumba anataka nimalizie Ijumaa. Usingizi sina.

Nyundo_ya_Rongai: Miaka kumi hujampeleka hata Naivasha? Ndugu, mvua siyo shida yako kubwa.

Shangazi_Umoja: Sisi tulienda Novemba 2023, ile ya El Niño. Siku tatu ndani tunacheza karata, stima hakuna, mahamri ya jana. Mume wangu aliniibia karata mpaka leo hajakubali. Sikukatazi, nasimulia tu.

Mgede_Asilia: Mwaka ule haukuwa wa kawaida. Huku kwetu masika ndiyo mvua yenyewe, Mei hasa. Vuli hupiga nusu saa usiku, asubuhi jua. Tena Novemba upepo wa kusi umelala na ule wa kaskazi bado kushika, bahari imetulia na ule mwani wa kunuka ufukweni umepungua. Msimu mzuri huo, ila joto mjiandae.

FundiStima: Treni. Daraja la kawaida ni 1,500, walipandisha Januari 2024 kutoka 1,000. Inakuacha Miritini, nje ya mji, kwa hiyo bado una matatu ya kuingia Mombasa, halafu nyingine ya Malindi, unashuka Gede, tuktuk mpaka Watamu. Mkitoka Nairobi asubuhi mtafika jioni mmechoka.

Mtu_wa_Kasarani: Asante sana mkuu. Kwa hiyo ile 4,500 niliyolipa iko sawa.

Shangazi_Umoja: 1,500 mara mbili ni 3,000.

Nyundo_ya_Rongai: Na si alikuwa anauliza treni au basi? Kumbe tiketi ziko mfukoni.

FundiStima: Daraja la kwanza pia ni 4,500. Labda mmoja anakaa kule mbele na mwingine anabaki Kasarani.

Shangazi_Umoja: Mtu wa Kasarani, jibu. Watu wawili, vyumba viwili, tiketi tatu.

Mtu_wa_Kasarani: Sawa. Mama anakuja pia. Yuko Nyahururu, ana miaka 71, hajawahi kuiona bahari. Nilimwahidi nikiwa darasa la saba. Mke wangu bado hajajua, nataka iwe surprizi. Na kabla hamjaanza: mama hana shida, saa mbili amelala, na ana chumba chake. Nyumba ingekuwa ya chumba kimoja ningeelewa kelele zenu.

Nyundo_ya_Rongai: Surprizi 😂😂😂 Mke anafungua mlango anakuta mama mkwe anachambua mboga.

Mgede_Asilia: Bwanangu, umewahi kulala nyumba ya makuti? Nyingi kuta za ndani hazifiki paani, zinaachwa wazi juu upepo upite. Mtu akijigeuza kitandani huku, wa kule anajua amegeukia upande gani. Na mama akikohoa, ni kama amekohoa kwenye mto wako wa kulalia.

Shangazi_Umoja: Mama yangu nilimpeleka Mombasa akakataa samaki siku nne, anasema wanamwangalia. Tulikula mayai. Lakini alipokanyaga maji mara ya kwanza alinishika mkono hivi, kwa nguvu, kama mtoto anayevuka barabara. Mpeleke mama yako. Ila siyo wiki hiyo.

Mtu_wa_Kasarani: Pesa ya safari mbili sina. Tena picha mngeziona mngenyamaza. Unakaa barazani, jua linazama ndani ya maji mbele yako, rangi ya papai. Mke wangu ataona hilo atasahau yote.

Mwalimu_Mstaafu: Hapo umejikamata mwenyewe. Nimefundisha jiografia miaka mingi. Pwani ya Kenya inatazama mashariki, jua linachomoza baharini, halizami. Hii ni hadithi ya kutunga na nyinyi mnahangaika kuhesabu tiketi.

Nyundo_ya_Rongai: Ati nimemhurumia mke wa kubuni!

FundiStima: Nilishuku tangu mama wa Nyahururu.

Mtu_wa_Kasarani: Mwalimu, natunga nini? Picha ninazo.

Mgede_Asilia: Mwalimu, kwa heshima, hori la Mida umelisahau. Liko nyuma ya Watamu, limeingia bara. Ukikaa ukingo wa huku, jua linatua ng'ambo juu ya mikoko, kule upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, na maji yako mbele yako. Kwa hiyo simuoni mwongo. Ila Kasarani, alikuandikia "ufukweni"?

Mtu_wa_Kasarani: Ameandika "mbele ya maji".

Mgede_Asilia: Basi hakudanganya. Hapo hakuna mawimbi wala mchanga wa kutembea pekupeku. Maji yakijaa ni kioo. Yakipwa, hasa siku za bamvua yanapokupwa mno, ni tope, kaa na ndege. Mimi napapenda sana. Bahari yenyewe mtaifuata kwa tuktuk. Mwenye nyumba mwambie akupigie picha maji yakiwa yamekupwa kabla hujamalizia pesa.

Nyundo_ya_Rongai: Mke aliahidiwa bahari, anapewa kaa na mama mkwe.

Mwalimu_Mstaafu: Kuhusu Mida nakubali. Kuhusu mke, bado nina shaka.

Mtu_wa_Kasarani: Mama amepiga sasa hivi. Anauliza Watamu usiku kuna baridi ya namna gani, abebe sweta mbili au tatu.

Mgede_Asilia: Abebe leso.

Shangazi_Umoja: Na mkeo umemwambia?

Mtu_wa_Kasarani: Yuko jikoni. Acha kwanza amalize chapati.