Mnaofundisha Texas Hold'em nusu nusu, acheni! Watu wanaliwa hela

Wakuu, hizi video za "jua poka kwa dakika tano" zimezidi sasa. Hold'em ni aina ya poka, lakini mtu anakariri majina ya mikono kumi (michanganyiko ya karata tano), anasema uko tayari, kakae mezani. Sheria za dau hazigusi. Na hata hiyo mikono anaikosea!

Eti mfululizo (karata tano zinazofuatana, kama 5-6-7-8-9) unapiga karata tano za aina moja (tuseme zote kopa). Uongo! Pakiti ya karata 52 inatoa michanganyiko 2,598,960 ya karata tano. Mfululizo wa kawaida unapatikana kwa njia 10,200, aina moja kwa njia 5,108, tatu-na-jozi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) kwa njia 3,744. Kilicho adimu ndicho kikubwa. Ukimweleza mwanafunzi hivyo, hakosei tena.

Halafu nani kawaambia kopa inaizidi shupaza? Hayo ni mazoea ya turufu, mnayatoa kwenye wahedi wa sitini mnayaleta huku. Hold'em haina turufu. Mikono ikilingana, fungu (hela zote zilizowekwa) linagawanywa, basi. Na A inaweza kuanzisha A-2-3-4-5, lakini Q-K-A-2-3 si mfululizo.

Kosa linaloniudhi kuliko yote: "lazima utumie karata zako zote mbili." Hiyo ni sheria ya Omaha, aina nyingine ya poka! Kwenye Hold'em una mbili mkononi na tano za mezani, unachukua tano bora kati ya saba, hata kama zote tano ni za mezani. Tuseme una 4-4, mezani kuna K-K-9-9-A. Mwanafunzi wenu anashangilia jozi tatu. Zinahesabiwa mbili tu! Mkono wake ni K-K-9-9-A, sawasawa na wa mwenye Q-7. Zile 4 zimekufa, naye bado anapandisha dau.

Sasa dau, mnaloliruka kila siku. Madau ya lazima, yanayowekwa na wachezaji wawili kabla ya kugawa karata, yakiwa 50 na 100, kabla ya karata za mezani anaanza aliye kushoto kwa mwenye 100. Mwenye 100 anaamua mwisho, na hata wote wakifuata tu (kulipa sawa na dau lililopo), bado ana haki ya kupandisha. Zikishafunuliwa zile tatu za kwanza, anaanza wa kwanza kushoto kwa alama ya mgawaji (kidude kinachoonyesha zamu ya kugawa) ambaye hajatupa karata zake. Mkicheza wawili tu inageuka: mwenye alama ndiye anayeweka 50, anaanza kabla ya karata za mezani, kisha anakuwa wa mwisho raundi zote zinazofuata. Sijaona video hata moja ya hawa inayolisema hili!

Kupandisha nako mnasema "zidisha mara mbili". Hapana. Unaongeza angalau kiasi kilichoongezwa mara ya mwisho. Dau la 100 likipandishwa hadi 300, nyongeza ni 200, kwa hiyo anayefuata anaanzia 500. Si 600!

Na aliyeishiwa je? Watatu wanaweka kila walichonacho: 200, 500 na 1,000. Fungu kuu ni 200 mara tatu, yaani 600. Fungu la pembeni ni 300 mara mbili, 600 nyingine, na hilo wanaligombea wawili tu. Zile 500 zilizobaki zinarudi kwa mwenyewe. Mwenye 200 hata akishinda anaondoka na 600, hana haki ya senti ya fungu la pembeni. Mnawaacha watu wagombane mezani kwa jambo la hesabu ya darasa la tatu!

JIBU LA 1
Mleta uzi umesema kweli tupu. Ongeza na hili: vyumba vingi vya poka ukirusha chipu moja ya 500 mbele ya dau la 100 bila kusema neno, umefuata tu, hujapandisha. Ukitaka kupandisha, tamka kabla mkono haujaachia chipu. Na ile ya "nafuata hiyo… na naongeza" haikubaliki, inahesabiwa umefuata.

JIBU LA 2
Mgawaji naye afundishwe. Kabla ya kufunua zile tatu za mezani, kabla ya ya nne na kabla ya ya tano, karata moja ya juu inawekwa kando kifudifudi. Kila mara, bila kumwonyesha mtu.