Naomba ushauri: niache kazi kimya kimya au nisubiri malimbikizo ya mshahara?

Mtunza Stoo: Habari za jioni, ndugu zangu. Ninatunza stoo ya kampuni inayokodisha mitambo ya umeme wa jua iliyofungwa juu ya matela. Kila tela huuzwa kwa mwekezaji anayeahidiwa sehemu ya fedha za kulikodisha, na inasemekana fedha za wawekezaji wapya ndizo zinazowalipa wa zamani. Hatujalipwa mshahara kwa miezi 3. Barua ya kuacha kazi nimekwisha kuiandika. Je, niikabidhi sasa, au nisubiri kwanza haki yangu?

Bi Salome: Pole sana, mwanangu. Marehemu mume wangu alisubiri malimbikizo ya kiwanda kimoja kwa miaka 2, kila Ijumaa akienda getini na kurudi mikono mitupu, hadi tukauza ng'ombe wetu wote. Riziki ya halali haipatikani kwa watu wa namna hiyo. Ondoka.

Fundi Nyaya: Mkuu, mtunza stoo hahitaji minong'ono, kwa sababu yeye ndiye anayehesabu mali. Matela yaliyopo yanalingana na yaliyoandikwa vitabuni?

Mtunza Stoo: Hayalingani. Kila mkaguzi alipokaribia kuja, niliagizwa usiku nibandue namba za utambulisho na kubandika nyingine, ili tela lile lile lihesabiwe mara mbili. Nimefanya hivyo mara 4. Sikupewa hata shilingi, nilitekeleza agizo la mkubwa wangu, na nina watoto 3 wanaosoma. Ndiyo maana naona nikiondoka bila kelele, kwa upande wangu jambo litakuwa limekwisha.

Msomaji wa Pwani: Kisa hiki ni cha DC Solar, kampuni ya California, Marekani, nawe umekihamishia kwako. Wenye kampuni, Jeff Carpoff na mkewe Paulette, walidai kuwa wametengeneza mitambo ya tela ipatayo 17,000, wakiiuza kwa dola 150,000 kila mmoja, ilhali angalau nusu yake haikuwahi kuwapo. Namba zilibanduliwa vivyo hivyo. Tusipotezeane muda.

Fundi Nyaya: Kufanana si ushahidi wa uongo, maana anayeuza tela lisilokuwapo hana budi kulionyesha la mwingine. Kilichoikuza DC Solar ni nafuu ya kodi ya serikali: mnunuzi alitoa taslimu sehemu ndogo tu ya bei, salio likawa deni la kulipwa kutokana na fedha za kukodisha mitambo, lakini serikali ilimpunguzia kodi asilimia 30 ya bei nzima. Aliyekwisha kurudishiwa fedha zake kwa njia hiyo hakuwa na haraka ya kwenda kuhesabu matela, na hata Berkshire Hathaway, kampuni ya tajiri Warren Buffett, iliingiza dola milioni 340. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliivamia kampuni hiyo Desemba 2018. Jeff Carpoff alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2021, na mkuu wake wa fedha miaka 6 mwaka 2022. Ndugu mtunza stoo, lisikilize hili kwa makini: fundi umeme aliyesaini taarifa za uongo kuhusu mitambo ile naye alikiri kosa mahakamani. Barua ya kuacha kazi haikufutii yale uliyoyafanya usiku mara 4. Muone wakili kabla ya kuikabidhi, umuulize kuhusu Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya Tanzania ya mwaka 2015.

Msomaji wa Pwani: Kama ni kweli, atueleze namba zilizobanduliwa alizipeleka wapi.

Mtunza Stoo: Niliambiwa nizichome. Kabla ya kuzichoma nilinakili kila namba, tarehe, na tela lilikotoka, kwa sababu niliogopa kwamba siku moja nitaambiwa matela yameibiwa mikononi mwangu. Daftari hilo nilikuwa nimepanga kulichoma siku ya kuondoka. Lipo kwa dada yangu, nami nimempigia simu sasa hivi asilitoe kwa mtu yeyote mpaka nitakapolifuata Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kwa wakili.