Likizo moja, miezi mitatu ya kuchagua: Matema Aprili, Mtera Novemba, au nirudi pwani kuvua samaki changu?

MtangaMbeya
Wakuu, habari za jioni. Mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye ngalawa ya baba mdogo. Kwa changu sina shida. Kuanzia maleleji, ule utulivu wa pepo wa Novemba, mpaka Machi bahari inapitika, maji yanang'aa, unatoka nje ya mwamba na mshipi wa mkono, chambo kipande cha ngisi. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, ikigusa chini unapandisha kidogo na kutulia. Jua likizama ndipo changu anakula kwa nguvu. Kusi, ule upepo wa kusini, ikishaingia, vyombo vidogo vinabaki ndani ya miamba na mara nyingi mtu anarudi na samaki wa mchuzi tu.

Sasa nina mwaka wa pili Mbeya na kalenda yangu yote ya uvuvi imekuwa haina kazi. Ofisini nimeambiwa nichague likizo ya siku kumi: Aprili, Julai au Novemba. Nataka kuvua mwenyewe kwa ndoano, si kununua. Nilinganishieni: Ziwa Nyasa upande wa Matema, bwawa la Mtera, au nipande basi nirudi Tanga?

KijanaWaKyela
Aprili, kaka, usifikirie mara mbili. Masika ya Kyela ikishajaza mito, mbasa, samaki wetu wa ziwani, wanakusanyika kwenye midomo ya mito kupanda kutaga. Lufilyo, Mbaka, Kiwira, popote maji ya mto yanapokutana na ziwa. Mwezi huo hata asiyejua kuvua anaondoka na mbasa wa kilo mbili. Miezi mingine utamtafuta ziwani mpaka uchoke.

MamaSamakiMwanjelwa
Naongea kama muuzaji, maana mimi sivui. Samaki wa Nyasa hapa sokoni wanapungua sana Juni na Julai kwa sababu ya upepo, na dagaa usipa wanapanda bei. Masika usipa wanakuja lakini hawajakauka vizuri, jua hakuna, wanaoza njiani. Usipa mzuri ninaopokea, mkavu na mweupe, ni wa Septemba mpaka Novemba. Changu wa pwani anafika kwenye deli la barafu baada ya zaidi ya kilomita 800, na wakati wa kusi hafiki kabisa, au anafika macho yameshaingia ndani. Mdogo wangu, kama hamu yako ni changu, nenda kamle Tanga. Huku kula samaki wa huku.

BabaMatema
Nimesoma maneno ya kijana wa Kyela na sitamkatalia kwamba Aprili mbasa wanapatikana. Nimevua ziwa hili tangu nikiwa mtoto. Lakini naomba mwulizaji anisikilize kwa makini kabla hajakata tiketi.

Mbasa si kama magege, hawa wa jamii ya perege. Magege anachimba kiota chake mchangani, mama anatunza mayai na watoto mdomoni. Ukivua mmoja leo, wenzake wanaendelea kando kando mwaka mzima. Mbasa anaishi ziwani akifuata usipa, halafu akitaka kutaga lazima aingie mtoni, apande dhidi ya maji mpaka kwenye changarawe safi ambapo maji yanapita. Hana njia nyingine. Kwa hiyo yule unayemnasa mdomoni mwa mto wakati wa masika ni jike lenye mayai tumbo zima, na dume linalolifuata. Kuna watu wanafunga mto na nyavu ukingo hadi ukingo. Zamani tulikuwa tunasikia mbasa wakiruka usiku pale Lufilyo, ukilala nyumbani unasikia. Wanangu hawaijui sauti hiyo. Tena sasa wakulima wanalima mpaka kingo za mito, mvua inashusha udongo na ile changarawe inafunikwa. Yai likifunikwa na tope halipumui.

Kwa hiyo kijana akisema Aprili ndio msimu, mimi nasema Aprili ndio mwezi wa kumwachia njia. Na hata kama huyo mbasa hakugusi moyo, Aprili Kyela ni mvua kila siku, wilaya inapokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na sehemu kubwa ni masika. Njia za vijijini zinakuwa tope, mto unaleta magogo ziwani, na mdomoni mwa Lufilyo kuna mamba. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa humwoni.

Julai nako sikushauri. Ule upepo wa mwera unaanza Mei hivi na kuendelea mpaka Agosti. Unatoka kusini na kusafiri urefu wote wa ziwa, na sisi wa Matema tuko mwisho kabisa wa kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone. Mawimbi yote yanamalizia safari yao kwetu. Mtumbwi wa mti mmoja haukai. Nimepoteza ndugu kwenye mwera, sizungumzi kwa kusikia.

Njoo Novemba mwanzoni, mvua kubwa bado. Ziwa limelala, unaona chini. Asubuhi mapema unavua magege na samaki wa mawe kando ya miamba kuelekea Ikombe. Ukiangalia usiku wa giza la mwezi unakwenda na vijana wa taa kuona usipa wanavyopanda juu kama mvua iliyogeuzwa. Mbasa wa ziwani wanafuata usipa hao hao, na ukipata mmoja kwa mshipi kule nje, huyo umempata kwa haki.

KijanaWaKyela
Baba, shikamoo. Nyavu za kufunga mto hata mimi sizitaki, nazungumzia ndoano moja. Ila hilo la mayai sina jibu. Hapa kwetu watu wanampenda mbasa wa masika kwa sababu hiyo hiyo ya mayai.

BabaMatema
Marahaba mwanangu. Najua wanavyompenda, hata mimi nimewahi kumla hivyo. Ndiyo maana nasema.

MheheWaMigori
Kamwene wote. Mtera nayo isisahaulike. Bwawa linajazwa na Ruaha Mkuu na Kisigo kuanzia mvua za Desemba, linafika juu kabisa kama Mei. Maji yakiwa mengi samaki wanatawanyika kwenye majani yaliyofunikwa na utapata vidogo. Kadiri maji yanavyoshuka kuelekea Oktoba na Novemba, perege na kambale wanabanana na ndoano haikai bure. Chambo cha perege ni donge la ugali, kambale mpe minyoo au utumbo wa kuku. Kutoka Iringa mjini ni kilomita 120 hivi kwa barabara ya Dodoma. Vua asubuhi, mchana upepo unasumbua. Na usiingie majini kutoa ndoano iliyonasa, viboko wapo na mamba wapo. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla, usisubiri kukutwa.

Julai nayo inafaa, sema baridi ya Iringa asubuhi utaikumbuka Tanga yako.

ChaiMufindi
Kama ni Julai basi pita Mufindi. Kwenye mito ya baridi kuna trauti waliopandikizwa enzi za ukoloni. Mvua zikiisha maji yanakuwa safi na samaki wanaonekana. Ni kwa ruhusa ya wenye mashamba tu.

MtangaMbeya
Nashukuru sana, ndaga fijo kama nilivyofundishwa hapa. Baba Matema, umenigusa. Pwani pia samaki wengi wa mwambani hutaga wakati wa kaskazi, ule upepo wa kaskazini, na sisi ndio wakati tunaowafuata sana. Baba mdogo alikuwa akivuta changu mwenye tumbo limejaa anakaa kimya kidogo kabla hajamtia kapuni. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nimechagua Novemba. Siku tano Matema, kisha Mtera siku tatu, nirudi. Swali la mwisho: mshipi wangu wa changu ni mnene, ndoano kubwa. Nije nao?

BabaMatema
Mshipi huo kwa magege haufai. Maji yetu ni maangavu, magege akiuona anaondoka. Leta mwembamba na ndoano ndogo, chubwi nyepesi kama punje ya mahindi. Ule mnene lete mmoja tu, kwa ajili ya mbasa wa nje. Angalia mwezi kabla hujaomba siku, uje ukiwa giza. Mtumbwi upo, kasia utashika mwenyewe.