Somo dogo gani liendane na shahada ya historia?

Mwanahistoria_Mwaka1
Wakuu, habari zenu. Somo langu kuu ni historia, na kabla ya mwaka wa pili kuanza natakiwa kusajili somo dogo. Nimebaki na matatu: sayansi ya siasa, takwimu au lugha. Sayansi ya siasa naiona nafuu kwa kuwa kozi zake nyingi zinakaribiana na za historia. Napenda karne ya 19, hasa biashara ya baharini. Mnashauri nini?

Karani_wa_Nyaraka
Mkuu, huko kukaribiana unakokuona nafuu ndiko kunakonitia wasiwasi. Historia tayari inakufundisha kusoma maandishi, kupima hoja na kuandika insha ndefu, na sayansi ya siasa itakurudisha hapohapo kwa sehemu kubwa. Tafuta somo litakalokuwezesha kusoma chanzo ambacho leo ukiwekewa mezani kinakushinda.

Chukua makala mbili tatu za kitaalamu kuhusu biashara ya baharini, usome tanbihi tu. Zikijaa barua za lugha usiyoijua, nenda kwenye lugha. Zikijaa madaftari ya forodha na orodha za mizigo, nenda kwenye takwimu.

Ukichagua lugha, kozi za mazungumzo peke yake hazitoshi. Mtu anamaliza mihula minne ya Kijerumani, anafunguliwa barua ya 1890, hasomi hata mstari mmoja, kwa sababu imeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani. Miandiko ya aina hiyo iliondolewa katika shule za Ujerumani mwaka 1941. Kituruki nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi 1928. Ulizia mapema kama kuna kozi ya kusoma miandiko ya kale.

Hesabu_na_Historia
Naunga mkono hoja ya vyanzo, ila kwa mada yake ningeanza na takwimu. Robert Fogel na Douglass North walipewa Nobeli ya uchumi mwaka 1993 kwa kazi za namna hiyo: nadharia ya uchumi na hesabu zikitumika kuchunguza historia.

Kozi za lazima kwako ni utangulizi wa takwimu, uchaguzi wa sampuli, rigresheni (kupima uhusiano kati ya vitu, mfano bei na mizigo), na moja ya kuchakata data kwa programu ya takwimu kama R. Angalia kama idara inadai kalkulasi kwanza. Hapo ndipo wanafunzi wa historia wengi hukwama.

Makosa yanayoharibu kazi ni yaleyale. Nafasi iliyo tupu kwenye daftari la forodha inajazwa sifuri, kumbe karani hakuandika tu. Thamani za miaka tofauti zinajumlishwa bila kurekebisha mabadiliko ya bei. Halafu kuna lile zito zaidi: madaftari yaliyosalimika si sampuli ya nasibu, yaani hayakuchaguliwa kwa bahati sawa kutoka yote yaliyokuwepo. Ofisi ya bandari ikiungua na madaftari yake, haimaanishi bandari hiyo haikuwa na biashara.

Mpanga_Mihula
Kabla ya kusajili, piga hesabu. Somo dogo katika vyuo vingi vinavyotumia krediti huwa na krediti 15 hadi 18, yaani kozi tano au sita za krediti tatu tatu. Chora mihula iliyobaki, panga kwanza kozi za lazima za historia, muhula wa tasnifu uuache mwepesi, kisha uone nafasi zilizobaki.

Kuna kozi za juu zinazofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa unasubiri mwaka mzima. Uliza pia ni kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa pande zote mbili, na kama kozi za lugha za ngazi ya kwanza zinahesabiwa kabisa. Sehemu nyingine hazihesabiwi. Majibu yawe kwa maandishi.

Mwanahistoria_Mwaka1
Asanteni sana. Naelekea kwenye takwimu. Je, na kozi za ramani za kompyuta?

Hesabu_na_Historia
Ongeza moja au mbili kama kozi za hiari, zitakufaa sana. Utajifunza kuoanisha ramani ya zamani na ya sasa. Unaweka pointi kwenye mahali palepale katika ramani zote mbili. Kwa njia ya kawaida pointi tatu ndizo za chini kabisa, lakini weka kumi au zaidi, zilizotawanyika ramani nzima. Zikirundikana kona moja, upande wa pili unapinda. Na usiziweke kwenye fukwe za mchanga wala midomo ya mito, maana huhama. Tumia ngome, makanisa, misikiti ya kale na rasi za mwamba.