Kerneli yangu inaanza upya bila kukoma ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta): nitumie machaguo gani kuona kosa?

Mwanafunzi_Katuba (Lubumbashi)
Jambo wakubwa. Kwa TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) naandika kerneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya biti 32. Nikiwasha tu kurasa za kumbukumbu (prosesa itafsiri anwani kwa jedwali), QEMU inaanza upya tena na tena, haiandiki neno. Naiendesha hivi:
`qemu-system-i386 -enable-kvm -kernel kerneli.elf`
Machaguo ya kusakia hitilafu ni mengi mno, sioni pa kuanzia. Naombeni msaada.

Yaya_Fundi (Lubumbashi)
Mdogo wangu, kwanza ondoa `-enable-kvm`. Ikiwepo, msimbo wako unaendeshwa na prosesa halisi, na QEMU haioni hitilafu za ndani. Kisha ongeza:
`-d int,cpu_reset -D logi.txt -no-reboot -no-shutdown -monitor stdio`
`-d int` huandika kila katizo (ishara inayoisimamisha prosesa kwa muda) na hitilafu ya prosesa, `-D` huyapeleka maandishi kwenye faili. `-no-reboot` na `-no-shutdown` pamoja ndiyo ninayoyapenda kuliko yote: mashine inasimama palepale ilipoangukia, unaandika `info registers` kwenye terminali (`-monitor stdio` ndiyo inayoleta humo mahali pa kuiamuru QEMU) na kusoma rejista, vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa, kwa utulivu.
Kwenye faili utakuta "Triple fault", yaani hitilafu tatu mfululizo zinazoifanya mashine ianze upya. Hiyo haisemi chanzo. Panda juu yake mpaka `check_exception old: 0xffffffff`, hapo ndipo mlolongo ulipoanzia.

Mwanafunzi_Katuba
Aksanti sana yaya. Nimeona `new 0xe`, halafu `v=0e e=0000`. IP (anwani ya amri inayoendeshwa) ni 00100a3c, na CR2 ni 00100a3c vilevile.

Msimbo_Kivu (Bukavu)
Basi jibu unalo. `0e` ni hitilafu ya ukurasa, `e=0000` inasema ukurasa ulisomwa na haumo kwenye jedwali la kurasa. CR2 hushika anwani iliyoshindikana; ikilingana na IP, prosesa imeshindwa kusoma amri yake yenyewe. Nadhani umeiweka kerneli kwenye anwani ya juu 0xC0000000 peke yake, nafasi ya 768 ya saraka ya kurasa (orodha ya majedwali), na msimbo bado uko chini. Jedwali hilohilo liweke pia nafasi ya 0, litafunika MB 4 za kwanza. Ukisharukia juu, liondoe.
Kwa kwenda hatua kwa hatua tumia `-s -S`, kisha kwenye gdb (programu ya kusakia hitilafu) `target remote :1234`. `-d exec`, inayoandika kila kipande cha msimbo kinachoendeshwa, usiiguse bila `-dfilter` ya kuibana kwenye anwani chache, itakujazia diski.

Mwanafunzi_Katuba
Imepita! Mungu awabariki.

Yaya_Fundi
Safi. Sasa andika jedwali la makatizo (linaloiambia prosesa iite msimbo gani kosa likitokea) kabla ya kuwasha kurasa, ili hitilafu ijayo kerneli iitangaze yenyewe.